`private` si ulinzi

Kuna msimbo unaonikera kila ninapokutana nao: klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya programu) `Ankara` yenye metodi (vitendo vyake) kibao, na kila metodi inaanza na mstari uleule wa kuuliza kama mtumiaji ni msimamizi. Leo zote ziko sawa. Kesho mtu anaongeza `gawanya()`, ana haraka, ule mstari anausahau, na hakuna kitakacholalamika. Programu inajengeka, majaribio yanapita, mlango uko wazi. Orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, iliweka kasoro za udhibiti wa ufikiaji namba moja, na mimi sishangai hata kidogo.

Halafu utajibiwa kwamba data yenyewe ni `private`, neno la kuifungia ndani ya klasi, kwa hiyo iko salama. Jamani! `private` inamzuia mwandishi mwenzako asitegemee yaliyomo ndani ya klasi; haijui kabisa ni mtumiaji gani ameingia kwenye mfumo. Kwenye Java kizuizi hicho ni cha klasi nzima, kwa hiyo ankara ya mteja mmoja inaweza kusoma sehemu za siri za ankara ya mteja mwingine bila kikwazo. Kwenye Python, `__kiasi` inageuzwa jina tu ikawa `_Ankara__kiasi`, na anayelijua jina hilo anaifikia. Ruby ina `send`, inayoita hata metodi za `private`. Hiyo ni nidhamu ya uandishi, nami naiheshimu sana, ila tusiiite ulinzi.

Ninachokitetea ni hiki: usimpe mtu kitu kizima kisha ukaanza kumkagua kwenye kila metodi. Mpe kile tu anachoruhusiwa kukitumia. Watafiti wa usalama wa kompyuta, Saltzer na Schroeder, waliandika mwaka 1975 kwamba kukataa ndiko kuwe msingi, ruhusa itolewe kwa kutajwa. Kwenye vitu vya programu unaanza kwa kugawa kiolesura (orodha ya metodi ambazo kitu kinazionyesha): `AnkaraYaKusoma` yenye `kiasi()` na `tarehe()`, na `AnkaraYaKuhariri` inayoongeza `badilishaKiasi()` na `futa()`. Kisha unaandika proksi ndogo, yaani kitu cha kati, inayoshika ankara halisi ndani yake na kutoa metodi za kusoma peke yake. Sehemu moja tu ya mfumo ndiyo itoe ankara: inapokea mtumiaji na namba ya ankara, inapima ruhusa, inarudisha proksi inayomstahili. Konstrakta (metodi ya kuiunda) ya ankara halisi ibaki ndani ya pakiti (fungu la klasi) ya sehemu hiyo. Sasa yule aliyeongeza `gawanya()` kwa haraka hajafungua chochote, kwa sababu proksi haina metodi hiyo mpaka mtu aiweke kwa makusudi.

Na iwe proksi kweli. Ukirudisha ankara halisi iliyovikwa kiolesura cha kusoma, mpokeaji anairudisha kwenye aina yake kamili kwa mstari mmoja na kupata kila kitu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo someni polepole. Proksi huuawa na uvujaji. Metodi ya klasi halisi inayorudisha `this` ili miito iunganishwe inamkabidhi mpokeaji ankara yenyewe, ikiwa proksi inapitisha jibu bila kuliangalia. `Collections.unmodifiableList` ya Java inalinda orodha isiongezwe wala kupunguzwa, lakini vipengele vilivyomo bado vinabadilika. Navyo vinahitaji proksi zao. `ankara.mteja().ankaraZote()` inazunguka ukuta mzima endapo mteja amerudishwa bila proksi. Ankara inayojituma yenyewe kwa wasikilizaji wake (vitu vinavyosubiri taarifa zake) inafanya vilevile. Kwa wanaotegemea Spring, mfumo wa kuundia programu za Java, kwa mipangilio yake ya kawaida: `@PreAuthorize`, alama ya kukagua ruhusa kabla ya metodi, hufanya kazi kupitia proksi, kwa hiyo metodi ikiita `this.futa()` kutoka ndani ya klasi hiyohiyo, ukaguzi haufanyiki. Hakuna kosa linaloonekana wala onyo. Ankara inafutika tu.

Nakubali, shingo upande, kwamba orodha ya maelfu ya ankara huwezi kuichuja kwa kujenga proksi moja moja. Sharti la ruhusa liende kwenye hoja ya hifadhidata. Ruhusa ikiondolewa huku proksi bado iko mkononi mwa mtu, nayo ni shida ya kweli. Proksi iishi ombi moja na kufa, au tumia inayobatilishika, kama `Proxy.revocable` ya JavaScript. Na kama msimbo wenyewe ni wa adui, uweke kwenye mchakato wake tofauti: Java ilijaribu kuuzuia ndani kwa `SecurityManager`, ikaipangia kuondolewa katika toleo la 17 na kuizima kabisa katika la 24.

Ukibaki na klasi za zamani usizoweza kuzigawa leo, andika angalau jaribio moja linalopitia metodi zote za wazi kwa refleksheni (programu kuchunguza klasi zake yenyewe) na kufeli likikuta yoyote isiyotajwa kwenye jedwali la ruhusa. Liwekwe kwenye seva ya kujengea, lizuie kuunganisha msimbo, na likague pia metodi zilizorithiwa, kwa maana `getDeclaredMethods` hairudishi hizo.