Nimeongeza ya Pili

Kwanza tuelewane: ni diski ya kompyuta, ile ya kuhifadhia mafaili. Nalitanguliza hilo kwa sababu juzi nilikuwa barazani naongea na simu, namwambia mpwa wangu, "Hii ya zamani imechoka, usiku inakoroma. Naongeza ya pili, ila hii siiachi, zitakaa humohumo zote mbili." Kugeuka, mama watoto kasimama mlangoni, mwiko mkononi. Usiku ule ugali ulikuwa mgumu ungeweza kuujengea msingi.

Chanzo chenyewe ni mstari mwekundu. Kompyuta yetu ni ya mezani, mtumba wa Ulaya, ilikuja na kibandiko cha ofisi ya watu na diski ya GB 160. Siku naileta nilidhani GB 160 ni pori, hulimalizi. Sasa ukienda kutazama nafasi, ule mstari wa C, herufi ya diski yenyewe, umekuwa mwekundu kama macho ya mlinzi wa zamu ya usiku. Humo ndani kuna nini? Kuna folda inaitwa "Mpya". Ndani yake kuna "Mpya ya zamani". Ndani yake tena kuna "Usifute", nayo ina picha 400 za arobaini ya mtoto wa shemeji, mtoto kafumba macho zote. Hakuna anayekubali kufuta chake. Mimi mwenyewe nina barua ya kuomba kazi ya mwaka 2011. Kazi sikupata, kampuni imekufa, barua ninayo.

Ila lililonipeleka mjini ni DVD ya harusi yetu. Imeanza kukwama. Bwana harusi naingia ukumbini, mguu mmoja juu, nabaki hivyo hivyo kama korongo, muziki unasema ta-ta-ta-ta. Mama watoto akaniambia, "Baba Zuhura, ihamishie kwenye kompyuta kabla haijafa." Kompyuta ndiyo hiyo, imejaa. Haya, Kariakoo.

Kijana wa dukani akanipa diski ya terabaiti moja, yaani GB 1000, imevalishwa mfuko wa kung'aa, nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Nikamuuliza, kila kitu kimo? "Kila kitu, mzee wangu."

Mpaka Mbagala. Nikashika bisibisi, nikafungua lile kasha ambalo sote tunaliita CPU, wakati CPU yenyewe ni kidude cha kukaa kiganjani kimejificha chini ya feni. Ndani nilikuta vumbi la miaka, mende wawili marehemu na sarafu ya shilingi 50. Diski nayo inataka nyaya mbili: mwembamba wenye meno 7 wa kupitisha data kwenda kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na mpana wenye meno 15 wa kuleta umeme kutoka pawa saplai. Nikakung'uta mfuko. Waya hakuna. Skrubu hakuna. Diski imekuja kavu, kama mpangaji aliyehamia bila godoro.

Kariakoo mara ya pili. Nimesimama kwenye daladala, kwapa la mtu liko usoni pangu, kisa waya usiofika hata nusu mita.

"Si ulisema kila kitu kimo?"

"Kila kitu cha diski, mzee wangu. Waya ni wa kompyuta."

Kijana yule biashara inampotezea muda, angesomea sheria.

Nikarudi, nikafunga skrubu nne, waya wa data ukaingia. Umeme sasa. Pawa saplai ina vichwa viwili tu vya namna ile: kimoja kimeshika diski ya zamani, kingine kimeshika kile kisanduku cha kusomea DVD. Hapo ndipo utajua mwanamume ameumbiwa akili. Nikachomoa kwenye DVD, nikachomeka kwenye diski mpya. Nikamwita mama watoto aje aone kazi. Akatazama, akaguna, akarudi jikoni.

Wewe unayesikiliza umeshaliona kosa. Mimi bado.

Kuwasha, kioo cheusi, maandishi meupe ya Kiingereza kwamba hakuna mfumo wa kuwashia. Mtoto wa mwisho akapiga kelele, "Baba kaiua!" akatoka mbio kupeleka habari kwa majirani. Nikampigia mpwa wangu. "Mjomba, umebadilisha matundu?" Nikakana. Baadaye nikakumbuka kwamba nilichomoa ya zamani kidogo mkono upite, nikairudisha tundu la pembeni. Kwa hiyo kompyuta ikiamka inakwenda kugonga kwanza kwenye diski mpya, ambako hakuna mtu. Dawa yake ni kuingia kwenye bayosi, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, na kupanga foleni upya, na mlango wa bayosi hufunguka kwa sekunde chache tu, lazima ubonyeze Delete kwa fujo. Nilibonyeza kama naua siafu. Mara ya tano nikaingia, nikaipandisha ya zamani juu, ikaamka.

Imeamka, lakini ya pili haionekani. C ipo, basi. Mpwa wangu anasema, mjomba, hicho ni kiwanja ambacho hakijapimwa; lazima ukipime, ukifomati, ukipe na herufi. Nikafungua pale pa kusimamia diski, nikaulizwa: MBR au GPT? Swali halina hata salamu. Kumbe ni namna mbili za kuipimia diski viwanja. Akasema MBR mwisho wake ni terabaiti 2, yangu ni moja, hivyo yoyote ingefaa, ila niweke GPT. Sawa. Sasa tazama orodha: Diski 0, Diski 1. Natafuta 2, haipo. Kumbe kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo ya pili ndiyo inaitwa 1 na ya kwanza haina thamani yoyote! Nilikaa na kidole juu ya kipanya dakika kumi, nimeshikilia roho za watu wote waliomo ndani ya "Usifute". Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Ikapewa D. D ilikuwa herufi ya DVD. Hata hapo sikushtuka, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kitu kingine: GB 931.

Nimelipia 1000. Ziko wapi 69? Diski yangu nzima ya zamani ni 160, leo mtu ananimega 69 kama mgambo aliyekuta muhogo wa kukaanga! Kwa hasira hizo nikachukua DVD ya harusi angalau nianze kazi. Nikabonyeza kitufe kisanduku kitoe ulimi. Kimya. Nikabonyeza tena. Mama watoto kutoka jikoni: "Si umekinyima umeme?"

Kariakoo mara ya tatu. Kondakta sasa ananisalimia. Nilikuwa na mashtaka mawili: waya wa kugawa umeme, na GB zangu 69. Waya nikapata. Za pili nikafundishwa hesabu: kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili, Windows yangu inagawa kwa 1024, halafu 1024, halafu 1024 tena. Baiti ni zilezile, kipimo ndicho tofauti. Nikamwambia mkaa nao unauzwa hivyo hivyo, debe la muuzaji na debe la mnunuzi. Akacheka. "Shukuru Mungu, mzee. Diski ya kwanza ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, uzito karibu tani, na haikubeba hata MB 5."

"Hiyo bila shaka iliuzwa na waya wake," nikamjibu, nikaondoka.

Usiku wa saa nne harusi ikaanza kuhama. Pale ninapoingia ukumbini ilikwama, kisanduku kikaunguruma kama blenda yenye mfupa, sote tukashika pumzi, mguu ukashuka, tukaendelea. Saa nne na nusu kazi imekwisha. Nikaita familia nzima.

Mama watoto akauliza, "Imechukua ngapi?"

"GB nne."

"Kati ya?"

"Mia tisa thelathini na moja."

Hakusema neno. Akaingia chumbani, akarudi na flashi ya Zuhura, ile ndogo ya GB 16 yenye kamba ya waridi, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akaenda kulala.

Nikabaki kufunga kasha. Skrubu zote zimeingia, imebaki moja kiganjani, na sijui ni ya wapi.