Miwani peke inatosha, ama na matone? Macho ya batoto betu ya sekondere

Mama moja ya Kadutu aliniuliza, binti yake iko na miaka 13, ya mbali haone muzuri, mwaka jana namba ya miwani yake ilikuwa -1,50 na leo iko -2,75, munganga ya macho akamuambia kuko dawa ya matone yenye inaweza kuchelewesha ile mwendo, lakini baba ya mutoto hataki, anasema miwani njo inaharibisha macho, aitoshe kwanza.

Nianze na baba juu ile maneno naisikia kila pahali hapa Bukavu na inaniuma. Mutoto ya miyopi (ile ya kutoona mbali) jicho lake limerefuka, picha inaanguka mbele ya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho yenye inapokea picha, miwani ya kawaida inairudisha tu pahali pake basi, haina kazi ingine. Kile kinarefusha jicho ni kukomaa, ni damu ya bazazi, ni kusoma karibu karibu masaa mingi na kukosa mwangaza ya inje. Malaysia balipima wazo yenye inafanana na ile ya baba, matokeo ikatoka mu 2002: batoto bamoja balipewa miwani ya nguvu ya chini makusudi, na bale njo macho yabo iliharibika mbio kuliko bale ya nguvu yote. Kwa hiyo apewe namba kamili, na aivae. Mi mwenyewe nilikaa miaka mbili nikikopia ku daftari ya jirani, nikizani batu bote banaona tablo vile, mwalimu akiniita muvivu. Sitamani mutoto yoyote apite pale.

Sasa matone. Dawa ni atropini, lakini kidogo sana. Hong Kong mu 2019 balionyesha kama atropini ya 0,05% kwa mwaka moja ilifanya macho iongezeke -0,27 tu, wakati bale balipewa matone bila dawa balifika -0,81. Hiyo haiko kidogo, juu miyopi ikipita -6 hatari ya retina kutoka, glokoma (ugonjwa inaua mushipa ya jicho) na kuharibika ya kati ya retina inapanda, na miwani haizuie hayo. Lakini baba naye ashike upande yake: ile ya 0,01% yenye watu wengi banasifia, Marekani mu 2023 balikuta haina tofauti na matone tupu, bale batoto ya Hong Kong bote balikuwa chini ya miaka 13, na ukiiachisha gafla macho inaweza kurudia mbio. Tena kiisha pale miaka inasaidia yenyewe, kuko uchunguzi ya Marekani yenye ilikuta karibu nusu ya batoto miyopi yabo ilisimama kufika miaka 15. Ya 17 mimi singelipia matone. Ya 13 yenye anaongeza -1,25 mu mwaka moja, ningelipia kama pesa iko. Na tafazali, atropini ya 1% ya farmasi usimutilie mutoto wewe mwenyewe, itamufungua mboni, jua itamuumiza na kitabu hataona.

Lenzi za kuvaa juu ya jicho nazo ziko, zile zenye zilitengenezwa kwa hiyo kazi zinachelewesha kweli, lakini zinaomba maji safi na mikono safi kila siku, na kwetu robine inakauka siku tatu. Naziacha.

Kile kinanivutia zaidi ni mwangaza. Guangzhou, kule Chine, bashule zingine ziliongeza dakika 40 ya inje kila siku kwa miaka tatu, miyopi mupya ikawa 30% badala ya karibu 40%. Shida, inasaidia zaidi mutoto yenye bado hajapata miyopi kuliko yenye iko nayo. Na mu Kadutu nyumba zimebanana, lupango hakuna, muzazi anaogopa barabara, mutoto anabaki ndani na telefone. Kumulaumu mama pale hapana, lakini bale badogo ya yule binti bado bako na nafasi, batembee kwa miguu kwenda ku masomo, recre isikatwe juu ya azabu.

Mama nilimujibu hivi: mbele ya yote arudi bamupime tena na matone ya kulegeza jicho, juu bila hiyo namba inaweza kudanganya, na kama binti anasuguasugua macho juu ya mwasho bamuangalie kornea (kile kioo ya mbele ya jicho), kuko ugonjwa inaichongoa na miwani inabadilika mbio vilevile, ile atropini haiitibie. Baba amekubali kipimo. Ya matone bado banabishana.