Njiwa Aliyekataa Kufa

Kwa kuwa shemeji yangu ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye grupu la ukoo, na mama mdogo kanipigia kutoka Kisarawe kuuliza kama ni kweli nimechinja bakuli, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, halikuwa bakuli. Pili, sikuchinja. Kisu kiligoma.

Wanaonijua wanajua niko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwaka wa tatu huu napakia karoti. Shemeji ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Yaani ananitania kwa kabila, ananitania kwa ndoa, pa kukimbilia sina. Yeye ana kibali cha bunduki, na mkulima mmoja humruhusu kupiga njiwa msituni kwake Februari, msimu wa kuwinda ndege waitwao fezanti ukishafungwa tarehe 1. Njiwa wa huku si tetere wenu hao. Ni minjiwa ya nusu kilo, ina kola nyeupe shingoni, inafyeka majani ya rapa, zao la mbegu za mafuta, shambani mchana kutwa. (Wewe unayetaka kuuliza sheria: mwenye kibali anaweza kuniazima bunduki yake akiwa nami pale pale, kwenye shamba alilopewa ruhusa ya maandishi. Tulia.)

"Siku chagua wewe, shem," aliniambia, "mradi iwe na upepo."

Akanieleza vizuri tu. Njiwa hurudi msituni jioni kulala. Upepo ukiwa mkali na mawingu yamefunga, wanakuja mapema, wanaruka chini chini wakiusukuma upepo kwa vifua, wanatafuta upande wa msitu uliokingwa. Wewe unajibanza upande huo huo. Miti inavuma, hata ukikohoa hawasikii. Siku tulivu wanachelewa, wanakuja juu sana, wanazunguka wakikagua, na kijiti kikivunjika chini ya kiatu wanahamia msitu wa jirani.

Mimi niliposikia "siku tulivu" nikaacha kusikiliza. Utabiri ulisema Jumapili upepo wa maili 35 kwa saa na mvua ya kupigwa ubavuni. Jumamosi jua, hakuna hata jani litakalotikisika. Jamani, mimi mtoto wa pwani. Nikachagua Jumamosi.

Shemeji akatazama mbingu, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Ile haya ningeielewa siku ile, leo ningekuwa nimelala.

Saa tisa alasiri akaniegemeza kwenye mti, yeye akaenda upande wa pili. Kimya. Kimya mpaka nasikia tumbo langu. Njiwa walipita juu kama ndege za Dubai. Saa kumi, hola. Saa kumi na moja jua linazama, vidole sivihisi, na hapo ndipo nikamwona.

Sasa twende taratibu.

Alikuwa kileleni mwa mti mkavu, peke yake, kifua mbele, ametulia kama diwani jukwaani. Sijui alitua saa ngapi. Nikainua bunduki sentimita kwa sentimita. Hakunishtukia. Nikasema Bismillahi kwa sauti, nikafyatua. Bunduki ikanipiga teke la bega.

Nyuma yangu, kwenye misonobari, kukalipuka makofi kama ya ukumbi mzima. Ni njiwa, wa kweli, waliokuwa wameingia kimya kimya wakati mimi nakodolea mmoja. Wakaondoka wote. Sikugeuka. Mimi nilikuwa na wangu.

Wangu aliinama kidogo, kama mzee anayeitikia shikamoo, akarudi wima.

Nikampa mtutu wa pili. Akaitikia tena. Unyoya haukutoka. Nikawaza: huyu kiziwi. Nikapakia upya huku mikono inatetemeka, risasi nyingine zinaangukia kwenye majani. (Kwenye ile sauti anasema nilipiga tano. Ni tatu. Andikeni tatu.) Ya tatu ikamng'oa. Akashuka akigonga matawi: ko, ko, ko.

Njiwa wa nyama haanguki hivyo. Akili ilijua. Miguu ilikuwa imeshaondoka.

Bunduki nikaifungua na kuilaza, hilo nilifundishwa. Nikachomoa kisu, nimuwahi kabla hajafa. Giza linaingia. Nikapiga magoti, nikakadiria kibla kuwa upande wa trekta la mkulima, nikamkamata. Mgumu. Nikajisemea, baridi imemkakamaza. Nikavuta shingo nyuma, haivutiki. Nikapitisha kisu. Kwaruuu.

Nikamgeuza. Tumbo hana. Ndani mtupu kabisa, na katikati kuna tundu la kijiti.

Tochi ikaniwakia usoni. Nimepiga magoti, kisu mkono mmoja, plastiki mkono wa pili, midomo bado inasoma.

"Shem," akasema kwa upole wa kutisha, "huyo ana risiti."

Kumbe alimpandisha mwenyewe mchana kwa fimbo za alumini zinazoungwa moja juu ya nyingine, ili njiwa wapitao wakimwona waamini pako salama. Anadai aliniambia garini. Inawezekana. Garini nilikuwa namsimulia manati yangu ya utotoni, na nikianza manati huwa sisikii. Na laiti ungekuwepo upepo, angeyumba kijinga pale juu nikamjua. Lakini nani alichagua siku?

Mengine mnayajua. Picha imepigwa, dada amecheka mpaka kakaa sakafuni, marehemu amewekwa juu ya televisheni na matundu yake.

Leo ninapoandika, upepo unavuma mpaka mapipa ya taka yanatembea barabarani. Shemeji kaenda peke yake. Sasa hivi ameandika kwenye grupu: kumi na wanne tayari, na Mzaramo aulizwe, wake anamtaka wa nyama au wa kufulia.