Nusu Hekta ya Mpunga: Je, Vishamba vya Java Viunganishwe?

Mwaka 1960 Indonesia ilitunga sheria iliyoitaka serikali ihakikishe kwamba kila familia ya wakulima inamiliki angalau hekta 2 za shamba. Sheria hiyo hiyo ilikataza kuuza au kuhamisha ardhi ya kilimo iwapo matokeo yake ni kipande kisichofika hekta 2, isipokuwa pale ardhi inapogawanywa kwa mirathi. Kupitia mlango huo wa mirathi, lengo lote limepotea. Sensa ya kilimo ya mwaka 2013 ilihesabu kaya milioni 14.25 zinazolima chini ya nusu hekta, na ile ya mwaka 2023 ikahesabu karibu milioni 16.9. Sehemu kubwa ya kaya hizo iko Java, kisiwa chenye watu zaidi ya milioni 150 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 135,000.

Wanaotaka vishamba hivyo viunganishwe chini ya usimamizi mmoja wana hoja zinazostahili kusikilizwa kwa makini. Mpunga wa Indonesia hutoa wastani wa tani 5 na ushei kwa hekta, kwa hiyo familia yenye nusu hekta na maji ya kutosha kulima misimu miwili huvuna takriban tani 5 kwa mwaka. Ukishatoa gharama za mbolea, dawa, trekta la kukodi na vibarua wa kupandikiza, familia hiyo haitalala njaa, lakini haiwezi kumsomesha mtoto hadi chuo kikuu wala kustahimili msimu mmoja wa panya. Ikiwa shamba ni la mtu mwingine na mavuno hugawanywa nusu kwa nusu, hali ni ngumu zaidi. Mashine ya kuvunia haina nafasi ya kugeuka ndani ya majaruba yaliyokatwakatwa na matuta, na vijana wakiyatazama maisha ya wazazi wao huondoka kwenda viwandani, Jakarta, au ng'ambo hadi Malaysia, Taiwan na Saudi Arabia. Anayeyatazama haya yote hawezi kusema kwamba udogo wa shamba ni jambo la kuonewa fahari.

Hata hivyo, hoja hiyo inadhoofika inapodai kwamba udogo ndio unaopunguza chakula cha taifa. Vishamba vya Java hutoa mavuno kwa hekta yaliyo juu ya wastani wa nchi, na sababu mojawapo ni kwamba familia huvitunza kwa karibu. Indonesia ilipojitosheleza kwa mchele mwaka 1984, iliyafikia hayo kwa mbegu mpya, mbolea ya ruzuku na mifereji iliyowafikia mamilioni ya wakulima wadogo. Kilimo kikubwa cha kuamriwa kutoka juu nacho kina rekodi yake: mwaka 1995 Rais Suharto aliagiza hekta milioni moja za ardhi ya mboji, yaani udongo chepechepe wa mimea iliyooza, huko Kalimantan ya Kati katika kisiwa cha Borneo zigeuzwe mashamba ya mpunga, mifereji ikachimbwa, mboji ikakauka, moto wa mwaka 1997 ukaiteketeza, na mradi ukaachwa bila mchele wa maana. Ni kweli kwamba mboji ya Kalimantan si udongo wa volkano wa Java, lakini imani iliyouongoza mradi ule, kwamba ukubwa wenyewe huzaa chakula, ndiyo hiyo hiyo inayoletwa leo mbele ya wanakijiji.

Kuna watu ambao pande zote mbili huwasahau, nao ni wale wasio na shamba kabisa. Hadi miaka ya 1960, mpunga ulipoiva katika vijiji vingi vya Java, wanawake walikuja kwa makundi na ani-ani, kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, wakakata suke moja moja. Kila mvunaji aliondoka na mgawo wake wa mpunga alioukata, uitwao bawon, na mgawo wa jamaa au jirani wa karibu ulikuwa mkubwa zaidi. Kumfukuza mtu aliyekuja kuvuna lilikuwa jambo la aibu. Mtu asiye na hata tuta moja alipata chakula cha miezi kadhaa kwa utaratibu huo, na baada ya mavuno wanawake wale wale walipata ujira wa kutwanga.

Miaka ya 1970 ilivunja utaratibu huo kwa haraka. Mbegu mpya zilikuwa na mabua mafupi yaliyokatwa kwa urahisi zaidi kwa mundu. Wenye mashamba wakaanza kuuza mpunga ukiwa bado umesimama kwa mlanguzi, naye akaja na wavunaji wake wachache na mizani yake, bila deni lolote la ujirani kwa wanakijiji. Mashine za kukoboa zikaingia, na kinu na mchi vikanyamaza. Tija ilipanda; sibishi. Lakini akiba iliyopatikana ilitoka katika sahani za wanawake hawa, na sijaona hesabu ya kuunganisha mashamba inayoeleza kwamba akiba ijayo itatoka kwa nani mwingine.

Kwa nini suala la watu wasio na ardhi halijadiliwi waziwazi? Sababu moja ni historia. Kati ya mwaka 1963 na 1965, wakulima wasio na ardhi, wakihimizwa na umoja wa wakulima uliofungamana na chama cha kikomunisti, walianza kujichukulia mashamba yaliyozidi kiwango cha sheria, ambacho kwa mpunga katika maeneo yenye msongamano mkubwa kilikuwa hekta 5. Mauaji ya mwaka 1965 na 1966, ambayo wanahistoria wengi wanakadiria yaliua watu wasiopungua nusu milioni, yalizima harakati hizo, na kwa zaidi ya miaka thelathini kudai ugawaji wa ardhi kijijini kulihatarisha maisha.

Nikipima yote haya, naona kazi ndiyo inayofaa kuunganishwa, na hati za mashamba zibaki mikononi mwa wenyewe. Ushahidi upo. Mbegu mpya na dawa za ruzuku zilipozaa mashambulizi makubwa ya wadudu wafyonzao mpunga, serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga mwaka 1986, na kuanzia mwaka 1989 wakulima wa Java walikaa kwa vikundi kando ya majaruba yao, wakihesabu wadudu na kuamua pamoja. Mafunzo hayo ndiyo chimbuko la shamba darasa linalojulikana leo kwa wakulima wa Tanzania na Kenya. Kupanda kwa wakati mmoja ili panya na wadudu wakose chakula mfululizo, kugawana maji na kukodi trekta kwa pamoja ni mambo ambayo wenye nusu hekta wanaweza kuyafanya bila kumpa yeyote shamba lao.

Wapangaji ndio wanaohitaji hatua ya haraka zaidi, kwa kuwa warithi wengi wanaishi mjini na kipande chao hulimwa na mtu anayeweza kuondolewa msimu wowote. Sheria nyingine ya mwaka 1960 inataka mapatano ya kugawana mavuno yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji na yadumu angalau miaka 3 kwa shamba la mpunga, lakini kwa sehemu kubwa mapatano bado ni ya mdomo. Tangu mwaka 2015 kila kijiji kinapokea fedha za maendeleo kutoka serikali kuu, na ofisi inayoweza kusimamia ujenzi wa barabara haishindwi kutunza daftari la mikataba. Mpangaji mwenye uhakika wa miaka 3 anayo sababu ya kutia samadi msimu huu kwa ajili ya mavuno ya mwaka ujao.