Chupa ya bia ya Primus inarudi, chupa ya plastiki inaenda mu ziwa: njo pale tuanzie

Ku Bukavu batu banapenda kusema biznesi ndogo-ndogo hazijali mazingira, mi sikubali. Mama wa mafuta ya ngazi ku Kadutu anapimaka mafuta yake mu machupa ya maji yenye batoto baliokota, fundi wa mbabula (jiko ya makala) anakata mapipa na mabati ya zamani, wa biatu anatoa sandali mu pneu yenye imeisha, na hakuna hata mumoja alifundishwa ile ku semineri. Banafanya juu kitu ya zamani ni bei chini. (Chupa yenye ilikuwa na dawa ya bidudu isirudie ku mafuta ya chakula, pale siwezi tetea mutu.)

Sheria tuko nayo. Dekreti ya 30 desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe (mifuko) ya plastiki mu Congo yote, lakini leo pita ku soko ya Nyawera uone. Banasema ni leta (serikali) ilikosa nguvu, na ni kweli, ila ni nusu tu ya kweli. Mukiriya anakuya mikono mitupu, majani ya ndizi inafunga chikwange muzuri lakini jaribu kufungia mo sukari mu mvua, na karatasi inakula faida ya mandazi yote. Mama akiacha sashe peke yake, mukiriya anaenda kwa jirani.

Sasa benye kulalamikia sashe nabo bako na haki kabisa. Mvua ya kwetu haichelewe, kila kitu tunatupa kule juu ku mulima inashuka mu muto Kahwa, inaingia mu ziwa, ziwa inatokea mu muto Ruzizi na plastiki inafika ku barazhi ya umeme ya Ruzizi I kuziba maturbini, umeme inakatika. Na nani analia wa kwanza? Mwenye saloon, mwenye mulini, mama wa samaki ya frigo, ni biznesi ndogo tena! Ile sashe ya karibu bure tunailipa mara ya pili, lakini mwenye aliitupa haoni fakture.

Njo maana nafikiria chupa ya Primus. Kila mwenye buvette anajua, bila kreti ya machupa tupu unalipa ambalaje (feza ya chupa yenyewe, yenye inarudi ukirudisha chupa), kwa hiyo chupa yake hailale mu mufereji hata siku moja. Haikuomba kampanye, iliomba feza ikuwe ndani ya chupa tupu. Ni kweli ile system inauma mudogo, juu mwenye anaanza na kreti tatu feza ya ambalaje inamulalia pale ku ukuta na angeinunulia bitu bingine. Basi kwa plastiki mi ningetaka ile feza itoke ku kiwanda na ku ba-depo benye kuingiza, isitoke kwa mama, na mutoto mwenye ameokota chupa mu Kahwa akuwe na mahali karibu ya kuipeleka na kulipwa siku ile ile.