Namba 7 kwenye stika haitoshi

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa na furaha tele. Amenunua kompyuta ya gemu Kariakoo: "Core i7, mjomba, tena kwa bei ya kutupa!" Jioni nikapita kwao. Nikakuta ile mashine nyeusi ya ofisini iliyotumika ng'ambo, safi kabisa, stika ya i7 inang'aa mbele. Kadi ya grafiksi ameichomeka mpya. Akawasha gemu la mpira. Winga anakimbia vizuri, ghafla picha inaganda, inaruka, halafu inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Nikafungua taarifa za mfumo: i7-4770. Prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, ya mwaka 2013.

Iliniuma, maana kijana alidunduliza hela ile miezi mingi, na muuzaji hakumwambia uongo hata neno moja. i7 ni i7 kweli. Ila hiyo 7 inataja cheo cha prosesa miongoni mwa wenzake wa kizazi kimoja tu. Kizazi chenyewe kimo kwenye tarakimu zinazofuata: 4770 ni cha 4, 12400 ni cha 12. i3-12100F ya mwaka 2022 ina kori 4 (sehemu zinazofanya hesabu) kama ile i7, na kwenye gemu inaiacha mbali. Watu wanaipita dukani kwa sababu ya hiyo 3. Isitoshe, Windows 11 kwa kawaida inazikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

Kwa mtu anayeunda kompyuta ya gemu kwa hela ya kubana, mimi nasema prosesa ya kori 6 ya miaka ya karibuni inatosha. Ryzen 5 5600 ya AMD, washindani wa Intel, au i5-12400F ya Intel, zote za 2022. Hela inayobaki iende kwenye kadi ya grafiksi. Katika kila picha unayoiona, prosesa ndiyo inayopanga nani yuko wapi na mpira umegonga nini, kisha kadi inachora. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7 hivi, na anayechelewa anamsubirisha mwenzake. Ukitoka kwenye skrini ya 1080p kwenda 4K, nukta za kuchora zinakuwa mara 4. Mzigo huo unamwangukia mchoraji. Kazi ya mpangaji inabaki karibu ileile.

Hata ukiwa na hela nyingi, usizitupe kwenye gigahezi, yaani kasi ya mapigo ya prosesa. Mwaka 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D, ambayo kasi yake ya juu ni gigahezi 4.5, wakati 5800X iliyoitangulia inafika 4.7. Ile ya polepole ndiyo iliyoshinda kwenye magemu mengi. Siri ni kashe, yaani kumbukumbu iliyo ndani ya prosesa yenyewe: megabaiti 96 badala ya 32. Chumvi ikiwa mkononi mwa mpishi, chakula hakisubiri mtoto atumwe dukani. Rami, kumbukumbu iliyo nje ya prosesa, ndiyo hilo duka.

Halafu kuna joto, jambo ambalo sisi wa Dar hatuna haki ya kulipuuza. Intel wenyewe wameandika kwamba i9-14900K inaweza kufika wati 253. Ryzen 5 5600 imeandikwa 65, na ikibanwa inafika 76 hivi. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi Januari, feni ya dari inazungusha hewa ya moto, tofauti hiyo utaihisi mgongoni. Na yupiesi, ile betri ya akiba, nayo itaihisi umeme ukikatika.

Mwenye uwezo kidogo zaidi aende moja kwa moja kwenye soketi ya AM5, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, na Ryzen 5 7600. Inadai rami ya aina mpya zaidi, DDR5, lakini AMD wameahidi kuendelea na soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo baadaye unabadilisha prosesa bila kugusa ubao.

Mpwa wangu hana uwezo huo kwa sasa. Mashine tumekubaliana aachiwe dada yake achapie kazi za chuo, tutaiwekea Linux, mfumo mbadala wa Windows. Kadi anahama nayo. Anatafuta 5600, ubao wa B550 na rami ya gigabaiti 16. Nilimsisitizia herufi ya mwisho pia, kwa sababu 5600G ina grafiksi yake ya ndani lakini kashe yake ni megabaiti 16, nusu ya ile nyingine, na yeye kadi anayo tayari. Jumamosi alipopanda daladala kurudi Kariakoo alikuwa na kikaratasi mfukoni, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Ryzen 5 5600. Bila G."