Nakala kumi tu zinatosha, jamani

Mamangu alikuwa taipisti, ofisi moja pale karibu na bandari, na likizo za shule nilikuwa nampelekea chakula cha mchana alafu nakaa chini ya meza yake nacheza na zile kaboni zilizokwisha mpaka vidole vyote vinakuwa buluu. Kitu nilijifunza pale chini ya meza ni hiki, ukipanga karatasi tano sita na kaboni katikati, ya juu inatoka nyeusi safi, ya pili sawa, ya tatu imeanza kufifia, na ile ya mwisho kabisa lazima uiinue dirishani kwenye mwanga ndo uisome. Mama alikuwa agonga kwa nguvu sana, manake vidole vikilegea yule wa nakala ya chini hapati kitu.

Ndo maana niliposoma habari za Edythe Eyde nililia, wallahi nililia.

Huyu alikuwa sekretari Los Angeles, kwenye studio ya filamu ya RKO, mwaka 1947. Kazi zikimwishia mapema bosi hakutaka kumwona amekaa bure, alimtaka aonekane ana shughuli, basi akajipa shughuli: akaanza kupiga chapa jarida la wanawake wanaopenda wanawake. Akaliita Vice Versa. Kaboni tano, anapiga mara mbili, toleo zima ni nakala kumi au kumi na mbili hivi basi. Mwanzo alizituma kwa posta, mwenzake akamwonya kwamba anaweza kufungwa kwa sababu sheria ya posta ya Marekani wakati huo ilihesabu vitu kama hivi kuwa uchafu, akaacha, akawa anagawa mkono kwa mkono na kuwaambia akina dada msitupe, ukimaliza mpe mwingine. Matoleo tisa tu kisha yakaisha mwaka 1948. Baadaye akiandika alijiita Lisa Ben, ukizichanganya herufi za jina hilo unapata neno lesbian. Alifariki 2015, mwanamke mzee wa miaka 94, na mpaka leo watu wanasema ndiye aliyeanza, Marekani, jarida la wanawake kama sisi.

Nakala kumi jamani. Harusi ya hapa Majengo kadi za mwaliko tu ni mia tatu.

Sasa maoni yangu, na najua kuna wenzangu hawakubaliani nami. Tukizungumzia haki huku kwetu tunazungumza korti, mawakili, mashirika, na ni kweli korti zimetusaidia, hapahapa Mombasa Mahakama ya Rufaa ilisema Machi 2018 kwamba vile vipimo vya kulazimishwa walivyofanyiwa vijana wawili waliokamatwa Kwale ni kinyume cha sheria, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema shirika la kutetea watu kama sisi lina haki ya kusajiliwa. Lakini vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai, vile vinavyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, viko palepale, Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Na mimi nasema jamii haijengwi kortini. Jamii inaanza siku mtu aliye peke yake chumbani anashika karatasi anaona kumbe kuna mwingine, alafu ndo hao wanapata nguvu ya kwenda kortini. Karatasi kwanza.

Angalia ONE, jarida la wapenzi wa jinsia moja, lilianza Januari 1953, hukohuko Los Angeles, senti 25. Posta ikazuia toleo la Oktoba 1954, wakaenda kesi wakashindwa, wakakata rufaa wakashindwa tena, na hawakuwa na pesa, wakili wao alikuwa kijana tu. Tarehe 13 Januari 1958 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikawapa ushindi kwa maneno machache tu bila hata kusikiliza hoja. Lakini ile kesi waliiwezaje? Kwa sababu tayari kulikuwa na wasomaji, watu wa miji midogo ambao kila mwezi wanangoja bahasha.

Na India pia, ng'ambo ya bahari yetu hii. Jarida la Bombay Dost, yaani rafiki wa Bombay, la watu kama sisi pia, Ashok Row Kavi alilianzisha 1990, na Humsafar Trust, lile shirika lake kubwa, likaja baadaye mwaka 1994. Rafiki alitangulia, ofisi ikafuata.

Kinachonishika zaidi kwenye haya majarida ni zile barua za wasomaji, makala zenyewe nyingine ni ndefu na zimepitwa na wakati, lakini barua! The Ladder, jarida la wanawake kama sisi la San Francisco, lililoanza Oktoba 1956, mhariri wake wa kwanza Phyllis Lyon alijificha nyuma ya jina Ann Ferguson, baada ya miezi michache akawaandikia wasomaji kwamba Ann Ferguson amekufa, akaweka jina lake la kweli, manake aliona haiwezekani awaambie wengine wasiogope na yeye kajificha. Lorraine Hansberry, mwandishi mweusi mkubwa kabisa, aliwaandikia barua 1957 akaweka herufi za mwanzo za jina tu. Na 1964 walipoanza kuweka picha za wanawake kwenye jalada, wa kwanza aliyekubali jina lake liandikwe alikuwa mwanamke wa Indonesia, aliyewatumia picha pamoja na barua ya kueleza vile yuko mpweke. Indonesia! Jarida la watu wachache wa California lilimfikia mpaka kule, na yeye ndo akawa jasiri kuliko walioko mjini.

Upweke huo naujua. Hapa Mombasa mwanamke kumwita mwenzake shoga hakuna anayegeuka kichwa, shoga njoo tunywe chai, shoga umependeza, ni neno la mapenzi kabisa. Ukimwita mwanamume neno hilohilo umemtukana, unaweza kumsababishia kupigwa. Mimi nimemwita mpenzi wangu shoga miaka tisa mbele ya mamake, mbele ya majirani, kwenye foleni ya feri ya Likoni, na kila mara natamka kwa maana mbili na ni yeye peke yake anayesikia ile ya pili.

Mtaniambia simu zipo, magrupu ya WhatsApp yapo. Yapo, na yamesaidia, siyakatai. Lakini hapa pwani nani hajui habari za skrinshoti? Mtu anaingia grupu kwa jina la uongo, wiki mbili baadaye anataka pesa la sivyo anamtumia babako. Karatasi haina namba ya simu, ukiisoma ukaipitisha haibaki na jina lako. Inaweza kukutwa chini ya godoro, sawa, hatari ipo, sitaki kudanganya mtu.

Na karatasi inaweza kuua pia. Gazeti moja la Kampala Oktoba 2010 lilichapisha picha na majina ya watu kama sisi likataka wanyongwe, David Kato, mtetezi wa haki zetu, alikuwa mmoja wao, akalishtaki akashinda, na Januari 2011 akauawa nyumbani kwake. Baada ya hapo mwanaharakati Kasha Jacqueline Nabagesera na wenzake wakatoa jarida lao, Bombastic, Desemba 2014, wakaligawa bure, watu wakisimulia maisha yao wenyewe. Walijeruhiwa kwa karatasi na wakajibu kwa karatasi. Mimi hili naliona kubwa kuliko hotuba zote.

Sisi tulijaribu. Kurasa nane, Kiswahili kitupu, mashairi mawili, barua tatu na maelezo ya kliniki. Tukapeleka duka moja la kuchapisha mjini, kijana akachomeka flashi, akasoma ukurasa wa kwanza, akaichomoa akanisukumia juu ya meza bila neno lolote. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Hiyo ilikuwa miezi michache baada ya yale maandamano ya 2023 mjini ya kutupinga, roho zetu zilikuwa juujuu.

Tukanunua printa ya mtumba, tukachapa nyumbani usiku feni ikiwa imewashwa ili majirani wasisikie, nakala kumi na mbili, tukashona na uzi mweupe wa kushonea kofia. Tukawapa watu tunaowaamini tukawaambia mpitishe.

Moja imerudi mwezi uliopita. Ilivuka Likoni, ikafika Ukunda, ikapita kwa watu ambao mimi siwajui na sitawajua. Imekunjika, ina doa la mafuta ya mahamri ukurasa wa tatu, na kwenye shairi langu, ubeti wa nne, mtu amepiga mstari kwa penseli chini ya kipande cha mwisho akaandika pembeni kwa hati ndogo nzuri: hapa mizani ni saba, umepunguza moja. Nimehesabu. Ni saba kweli.